Muulize Fundi Picha: Jioni kwenye mawe ya Tanganyika

Wasomaji wangu wa Kigoma mwezi huu mmenivamia, meseji zimejaa kwenye simu na karibu zote zinauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, mawe, maji na jua la jioni. Sawa, safu nzima nawapa nyie. Watu wa Tabora wenye maswali ya picha za harusi na za paspoti mtanisamehe, mtasubiri toleo lijalo. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo fundi. Mi nakaa Bangwe, natumia simu ya kawaida tu. Jioni nikishuka kwenye mawe kwa macho naona kila kitu, mawe yana wekundu fulani hivi, maji yanang'aa, mbingu ya machungwa, sasa nikipiga picha mawe yanatoka meusi tii na jua linakuwa doa jeupe. Mtandaoni wanasema nisubiri ile saa ya dhahabu halafu niangalie ratiba ya maji kupwa na kujaa. Huku kwetu hiyo ratiba inapatikana wapi? (Kijana wa Bangwe)

JIBU: Marahaba kijana wangu. Tuanze na hiyo ratiba maana imenichekesha kidogo, haipo na wala huihitaji. Hayo maelekezo yameandikwa na watu wa baharini kwa ajili ya watu wa baharini. Kule Dar siku za bamvu, yaani maji makubwa ya bahari, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na yanafanya hivyo mara mbili kwa siku, kwa hiyo mpiga picha asiyejua saa anaukuta mwamba aliouchagua mchana umeshazama, au mbaya zaidi yeye mwenyewe kazungukwa na maji. Tanganyika haina mambo hayo, sio kwa kiasi cha wewe kukiona. Maji yetu yanakwenda na misimu, yanajaa mvua zinapoishia na yanapungua kiangazi kikikolea, halafu kuna miaka yanapanda tu moja kwa moja, si mliona wenyewe kuanzia 2020 hivi yalivyokula fukwe mpaka yakaingia bandarini. Kwa hiyo ukiona picha ya zamani ya mwamba mzuri ukaenda ukaukosa usidhani umepotea njia, mwamba upo, uko chini ya maji. Cha kuangalia huku ni upepo. Kiangazi kusi ikivuma inafuata urefu wa ziwa, na ziwa lenyewe lina kilomita 670 hivi, mawimbi yanapata nafasi ya kukua, ndio ile unaona yanapasuka kwenye mawe. Siku isiyo na upepo maji yanalala na picha inakuwa nyingine kabisa, ya mbingu kujiona chini.

Sasa mawe meusi. Hapa shida sio simu, shida ni pale uliposimama. Watu wa Dar na Tanga bahari yao iko mashariki, jua la jioni linazama nyuma yao huko nchi kavu. Sisi ziwa liko magharibi, jua linazama mbele yetu juu ya maji upande wa Kongo, ni bahati kubwa ila ndio mtego wenyewe, kwa sababu mtu yeyote akifika pale anaelekeza simu kwenye jua. Ukielekeza kwenye jua, upande wa jiwe unaokutazama wewe ni mgongo wake, haujapata mwanga hata kidogo, simu nayo inachagua moja, ikiliokoa jua mawe yanakufa, ikiokoa mawe jua linaungua.

Geuka. Yaani simama ufuko uende mbele yako, elekeza simu kaskazini au kusini, jua liwe ubavuni. Ghafla jiwe lina upande wa mwanga na upande wa kivuli, kila ufa unaonekana, kila mkwaruzo, ule wekundu unaousema unatoka wenyewe bila kuediti. Na kama una rafiki mwenye mtumbwi mwombe akutoe kidogo ukapige kutokea majini ukitazama nchi kavu, hapo jua lote linawaka kwenye mawe na kilima cha nyuma, watu wengi wa Kigoma hawajawahi kuiona Bangwe hivyo na wanaishi palepale. Mi nikiangalia picha mnazonituma, kwenye kumi tisa ni za jua. Jua ni lilelile la Kasulu, la Mwanza, la kila mahali. Mawe ndio yenu.

Kuhusu saa ya dhahabu, hilo jina nalo limetoka mbali, kwenye nchi ambazo jua linazama kwa kulala upande upande na mwanga unachelewa kuondoka. Sisi tuko kama nyuzi tano tu kusini ya ikweta, jua linashuka karibu wima. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo zile nyuzi sita za mwisho ambazo mwanga unakuwa wa rangi ile unayoitaka zinaisha kwa nusu saa kasoro. Toa humo dakika ambazo jua linaingia kwenye ukungu au nyuma ya milima ya Kongo kabla ya muda wake, unabaki na robo saa nzuri. Robo saa! Halafu kuna mtu anafika saa kumi na mbili na nusu ndio kwanza anatafuta pa kusimama.

Saa yenyewe pia iangalieni vizuri, maana nchi nzima tunatumia saa moja wakati Kigoma iko mbali sana magharibi, Dar jua linazama karibu dakika arobaini kabla ya kwetu. Hapa linazama kati ya saa kumi na mbili na dakika hamsini na kitu, hiyo ni miezi kama ya Mei na Novemba, mpaka saa moja na dakika ishirini na kitu mwezi wa pili. Fika kwenye mawe saa kumi na moja na nusu kukiwa bado kweupe, zunguka mikono mitupu, chagua jiwe moja, ndio moja, ujue utasimama wapi na mguu utauweka wapi. Jua likishuka unakuwa unapiga tu.

Ukitaka jua liwemo kwenye picha kwa lazima, gusa skrini mahali penye mwanga pembeni ya jua, shikilia mpaka ile kufuli itokee, shusha kidogo kile kialama cha mwangaza, washa HDR, ile inayounganisha picha za mwangaza tofauti kuwa moja. Picha iwe na giza kidogo kuliko unavyopenda. Kivuli cha jiwe unaweza kukiinua baadaye kwenye programu ya kuediti, hasa kama simu yako inapiga RAW, yaani picha ghafi ambayo simu haijaichakata, lakini jua likishaungua likawa jeupe hakuna kitu pale cha kurudisha.

Na la mwisho kwako, jua likizama usiondoke!! Naona watu wanashangilia, wanapiga selfi, wanapanda bodaboda wanarudi mjini, wakati mwanga mzuri kuliko wote ndio unaingia. Jua likishakwenda mbingu yote ya magharibi inabaki inawaka polepole, mwanga laini unarudi kwenye mawe kutoka upande wa maji, ile tofauti kali ya mbingu na mawe inapungua mpaka simu ya kawaida inaweza kubeba vyote viwili. Hapo sasa hata ukitazama magharibi mawe yana rangi. Una dakika kumi, kumi na tano, ila mwanga unapungua nusu kwa kila dakika kama tatu hivi, kwa hiyo simu iegemeze kwenye jiwe au stendi, usiamini mkono.

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina kamera ya lenzi za kubadilisha, nafanya harusi hapa Mwanga na Ujiji. Nataka kujifunza zile picha za maji yanakuwa kama moshi kwenye mawe. Nimenunua filta nyeusi ya kupunguza mwanga na ile ya kuzungusha ya kufuta mng'ao. Nianze na setingi gani? (Mpiga harusi)

JIBU: Nzuri ndugu yangu. Setingi nakupa ila kwanza nikupe maoni yangu ambayo hukuyaomba: ule moshi wa sekunde thelathini umezidi duniani. Ukiifanya Tanganyika sekunde thelathini inakuwa shuka jeupe, hakuna wimbi, hakuna upepo, mtu hajui kama ni Kigoma au ni wapi. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yanafuatana karibu karibu kuliko ya bahari, kwa hiyo shata, yaani muda kamera inaoacha mwanga uingie, ya robo sekunde mpaka sekunde moja inatosha kabisa, maji yanakuwa na mistari ya kuonyesha yalikopita, yanazunguka jiwe, yanarudi. Piga wakati maji yanarudi ziwani, sio yanapokuja, mistari inatoka mizuri zaidi. Ukitaka tone zisimame hewani basi nenda kwenye moja kwa mia tano ya sekunde au haraka zaidi na ufanye hivyo mapema, jua bado lipo.

ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, weka 100, na apacha, lile tundu la lenzi, f/8 mpaka f/11. Usikimbilie f/22 kwa kutafuta shata ndefu, picha inapoteza ukali, ndio maana umenunua filta nyeusi. Fokasi iweke kwenye jiwe lililo karibu yako, na kama unatumia filta nyeusi nzito fokasi kabla hujaivaa halafu zima ile ya kujifokasi yenyewe, la sivyo kamera itahangaika inakwenda na kurudi haishiki. Taima ya sekunde mbili ili kidole kisitikise. Miguu ya stendi ikae kwenye mwamba, sio kwenye changarawe, wimbi likipita changarawe inatembea na picha nayo.

Ile ya kuzungusha ndio filta ninayoipenda kwa ziwa hili kuliko zote. Maji yetu ni masafi, siku tulivu unaona mawe mita kadhaa chini, kinachokuzuia ni mng'ao wa mbingu juu ya maji. Ukiinamisha kamera ukaangalia maji kwa mshazari, sio wima kabisa na sio kulala, kama nyuzi thelathini na saba kutoka usawa wa maji, halafu ukazungusha filta taratibu, mng'ao unafutika na mawe ya chini yanatokea. Fanya hivyo saa kumi na moja jua likiwa bado juu. Baada ya hapo ivue, maana inakula mwanga wa nusu mpaka robo tatu, na jioni mwanga huna wa kuchezea. Halafu kile kinachong'aa kwa rangi ya machungwa juu ya maji saa moja kasoro, hicho ndio picha, hutaki kukifuta.

SWALI: Samahani fundi naomba kuuliza, mimi niko Gungu. Mwezi wa kwanza milima ya Kongo ilikuwa inaonekana mpaka mikunjo yake, mwezi wa saba nikampeleka shangazi yangu kutoka Dodoma kuiona hakuna kitu, ukungu tu, jua lenyewe jekundu lile la ajabu. Ni kamera yangu au? (Dada wa Gungu)

JIBU: Sio kamera dada, na shangazi mpe pole, mwambie arudi masika. Kiangazi nyasi zinachomwa huku kwetu, Burundi, Kongo kule ng'ambo, kote, moshi na vumbi vinatanda juu ya ziwa na hakuna mvua ya kuviosha. Mwanga wa jua unapopita humo rangi ya bluu inatawanywa njiani, inayofika kwako ni nyekundu, ndio maana jua linakuwa duara jekundu. Kwa hiyo Juni mpaka Septemba usipige milima, haipo. Piga vitu vilivyo karibu, jiwe, mtumbwi, mtu amesimama mwambani, nyuma yake ukungu mtupu, picha inakuwa safi sana haina makorokoro. Lenzi ndefu inalikuza lile duara ukiliweka nyuma ya mtu aliye mbali, ila kwenye kamera za kuchungulia kwa jicho usilitazame jua kwa lenzi ndefu, tumia skrini ya nyuma, jicho halina spea.

Masika ni kinyume. Mvua ikinyesha mchana ikakatika saa kumi, hewa inakuwa imeoshwa, milima ya ng'ambo inasogea, mawingu makubwa yanabaki yanawaka kwa chini jua likishazama. Kwangu mimi hakuna jioni inayozidi hiyo. Mawe yakiwa yamelowa rangi yanaiva. Lakini kama bado kunanguruma, hata kwa mbali, toka mwambani, wewe na stendi yako ya chuma ndio mrefu kuliko vyote pale.

Kuna kingine ambacho hukuuliza ila kinahusu miezi hiyohiyo. Jua halizami sehemu moja mwaka mzima. Juni linazama kaskazini ya magharibi, Desemba kusini yake, na tofauti ya hapo na hapo ni karibu nyuzi arobaini na saba, yaani zaidi ya nusu ya pembe mraba. Jiwe linalopigwa ubavuni na jua la Juni, Desemba linaweza kuwa kivulini mwa jiwe lenzake kabisa. Kwa hiyo mwenzako akikwambia "pale Katonga kuna mwamba mzuri" muulize mwezi gani.

SWALI: Fundi, kwanini simu yangu inafuta rangi? Mi naona machungwa yenyewe inanipa kijivu. (Mwanafunzi, Kasulu)

JIBU: Simu inadhani inakusaidia. Ile waiti balansi, setingi ya kusawazisha rangi, ikiwa kwenye oto inaona njano nyingi inasema hii ni taa ya ndani, ngoja nimsafishie. Ingia kwenye modi ya Pro, iweke kwenye alama ya jua, au kama inaonyesha namba weka 5500 hivi, uiache hapohapo mpaka usiku. Jioni itatoka ya jioni, na ule ubluu wa baada ya jua nao utatoka.

SWALI: Nikitoka kupiga ziwani natakiwa nioshe lenzi? (Bila jina)

JIBU: Ziwa halina chumvi, futa kwa kitambaa kisafi laini inatosha, kwanza kile kioo cha simu kifute kabla ya kupiga maana mafuta ya vidole ndio yanafanya jua litoe mistari mirefu ya ajabu. Ukienda baharini ni habari nyingine, chumvi inakula vyuma, futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi halafu kikavu, na fanya usiku huohuo usingoje kesho. Kumbuka na stendi, kule kwenye maungio ndio inaanzia kutu.

SWALI: Shikamoo mzee. Nataka kupiga taa za wavuvi wa dagaa zikiwa ziwani na mawe yawe mbele. Wiki iliyopita nimekaa mpaka saa tatu usiku sikuona hata taa moja, nikaambiwa hawajatoka. Nitajuaje wametoka lini? Na usalama wa huko kwenye mawe usiku ukoje? (Wa Kibirizi)

JIBU: Marahaba. We unakaa Kibirizi na unauliza mimi, ungemuuliza mtu yeyote sokoni hapo angekwambia, mwezi! Dagaa wanavutwa na taa, na mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, taa inakosa nguvu, wavuvi wanapumzika wanashona nyavu. Giza likirudi wanatoka. Kwa hiyo angalia kalenda ya mwezi, chagua siku za mwezi mwandamo na zilizo jirani nazo. Pia kuna ile miezi ya kufunga uvuvi, mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, kwa hiyo kabla hujapanga safari uliza kwanza kama ziwa liko wazi.

Picha yenyewe usingoje saa tatu, giza likishakuwa totoro mawe hayaonekani na mbingu inakuwa nyeusi, unabaki na vidoti. Unachotaka ni zile dakika kama ishirini baada ya jua kuzama, mbingu ina bluu nzito, mawe bado yana umbo, na taa za kwanza zimeshawaka. Taa za siku hizi ni nyeupe kali za LED, sio karabai zile zenye mwanga wa joto, kwa hiyo zinaungua haraka kwenye picha. Stendi, ISO 800, apacha iliyo wazi kama f/4, shata sekunde mbili tatu uone, endelea kuongeza kadiri giza linavyoingia. Ukifika sekunde kumi na tano mitumbwi inakuwa imesogea na taa zinakuwa vijistari, wengine wanapenda, mi sipendi. Kwa simu modi ya usiku inafanya kazi vizuri ikiwa imeegemezwa.

Usalama. Usiende peke yako, nenda na mtu anayelijua eneo na muulize kuhusu mamba na kiboko wa hapo, sio wa ziwa kwa ujumla, wa hapohapo. Njia ya kurudi ipite mchana uijue. Mawe ya karibu na maji yana utelezi wa kijani ambao hauonekani kwa tochi. Tochi iwe ya kichwani, mikono ibaki huru. Kuna na yule nyoka wa majini wa Tanganyika, ni jamii ya swila, anakaa kwenye mapango ya mawe na anakula samaki, hana ugomvi na mtu ila hapendi kukanyagwa wala kuingiziwa mkono shimoni, kwa hiyo begi lako usiliegeshe kwenye tundu. Na ukiwapiga wavuvi kwa karibu wakiwa wanajiandaa, waombe kwanza, salimia, wengi watakubali, asiyetaka hataki.

SWALI: Droni inaruhusiwa? Na bandarini? Nataka ile meli ya Liemba na jua nyuma yake. (Kaka wa Katubuka)

JIBU: Droni lazima kibali, Mamlaka ya Usafiri wa Anga na Wizara ya Ulinzi wote wanahusika, na Kigoma ni mpakani, usijaribu kuirusha kienyeji. Bandari na maeneo ya jeshi usipige bila ruhusa hata kwa simu. Liemba nakuelewa kabisa, meli iliyojengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 na kuibuliwa 1924, nani asingeitaka na jua nyuma. Nenda ofisi ya bandari mchana, jieleze ni picha za nini, uone kama watakuandikia kikaratasi, na jioni uende nacho mfukoni pamoja na kitambulisho.